Sura ya Sita: Shabiki na Mtani Wake

Nyumba yenye shabiki haikosi swali hili. Mpwa anaingia kwa mjomba wake Jumapili asubuhi, anamkuta amejiinamia barazani, uji umepoa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

"Nimesikia jana mmefungwa. Lakini mjomba, wale wachezaji hawakujui hata jina. Hiyo timu inakupa nini hasa?"

Mjomba hapati jibu la haraka. Klabu haimlipi. Akiumwa haimletei dawa. Siku ya mechi yeye ndiye anayetoa: nauli, kiingilio, sauti, na pengine usingizi wa usiku mzima. Kwa hesabu za dukani, huo ni mkataba wa hasara tupu. Hata hivyo wiki ijayo atavaa jezi ileile na kwenda tena.

Watu wa Masasi, Newala na Ndanda wana sababu ya pekee ya kuliuliza swali hili, kwa kuwa wamewahi kuwa na timu yenye jina la kwao Ligi Kuu, kisha ikashuka. Katika sura hii tutalitafuta jibu kwa kupitia njia ndefu kidogo. Tutafika New York, kwenye mechi ya kikapu ya wanafunzi wa vyuo aliyocheza Mtanzania, halafu tutarudi kusini. Hoja yangu ni moja: shabiki anaipenda timu, lakini kinachomshika zaidi ni watu wanaoipenda pamoja naye, na mtani aliyekaa upande wa pili. Mtani akiondoka, hata mapenzi ya timu hupungua ladha.

Usiku wa mechi isiyotaka kuisha

Huku kwetu, michezo ya vyuo hutazamwa zaidi na wanafunzi wenyewe. Marekani ni tofauti. Vyuo vikuu vyao vina kumbi za michezo zenye viti kwa maelfu, mechi zao huonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima, na mzee aliyehitimu miaka 40 iliyopita bado huvaa rangi za chuo chake siku ya mechi. Jirani ambaye hakusoma hapo hata siku moja naye huvaa, kwa sababu chuo kiko mjini kwake.

Mpira wa kikapu unachezwa na watu watano kila upande. Katika vyuo vya Marekani mechi ya wanaume ni dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Sare haikubaliki. Timu zikilingana, huongezwa dakika tano, na zikilingana tena, huongezwa tano nyingine, hadi moja ishinde. Mchezaji akifikisha faulo tano anatoka na harudi.

Kati ya mwaka 2006 na 2009, Chuo Kikuu cha Connecticut kilikuwa na mchezaji aliyezaliwa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet. Urefu wake ni mita 2.21. Alikuwa hodari wa kuzuia: mpinzani akirusha mpira kuelekea kapuni, mkono wa Thabeet ulikuwa umeshafika juu kabla ya mpira. Mwaka huohuo wa 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza huko.

Miongoni mwa watani wakubwa wa Connecticut walikuwa Syracuse, chuo kikuu cha jimbo la New York chenye jezi za rangi ya chungwa. Vyuo hivi viwili vilicheza ligi moja kwa miongo mitatu. Tarehe 12 Machi 2009 vilikutana kwenye robo fainali ya mashindano ya ligi yao, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, mbele ya watu zaidi ya 19,000.

Dakika 40 zilipokaribia kwisha walikuwa sawa, pointi 71 kwa 71. Eric Devendorf wa Syracuse akarusha kutoka mbali, mpira ukaingia kapuni, na mashabiki wa rangi ya chungwa wakalipuka kwa furaha. Waamuzi wakaenda kutazama picha za video. Wakaona kwamba muda uliisha mpira ungali mkononi mwake. Kapu likakataliwa. Wale waliokuwa wamekwisha kushinda wakaambiwa wakae, mechi inaendelea.

Ikaendelea kwa vipindi sita vya nyongeza. Katika vitano vya kwanza Syracuse hawakutangulia hata mara moja. Kila Connecticut walipopata uongozi, Syracuse walirudi na kusawazisha. Katika cha sita ndipo walipotangulia, wakashinda 127 kwa 117. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67 kati ya 70. Thabeet alifunga pointi 19 kabla ya kutolewa kwa faulo. Mechi iliisha saa 7:22 usiku kwa saa za New York. Hapa Ndanda ilikuwa saa 2:22 asubuhi ya Ijumaa, na waliokwenda shamba walikuwa wameshalima matuta kadhaa.

Mtazame sasa shabiki wa Connecticut aliyekuwa ukumbini. Amesimama karibu saa nne, sauti imekauka, timu yake imefungwa, na kesho ana kazi. Bado usiku ule anausimulia kama hazina. Wa Syracuse aliyeshinda naye anausimulia, na katika simulizi yake humtaja Connecticut kwa heshima, kwa sababu bila mpinzani aliyekataa kufa, ule ungekuwa ushindi wa kawaida uliosahaulika kufikia Jumatatu.

*Kwa ufupi: mechi kubwa huzaliwa pale wawili wanaojuana wanapokataa kuachiana. Furaha ya shabiki haitoki kwenye ushindi peke yake.*

"Tumeshinda" na "wamefungwa"

Kaa kijiweni siku baada ya mechi, usikilize. Timu ikishinda, kila mtu anasema "tumeshinda". Ikifungwa, utawasikia baadhi yao wakisema "wamefungwa", kana kwamba jana hawakuwepo.

Mtafiti wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walilichunguza jambo hili katika vyuo vikuu saba na kulichapisha mwaka 1976. Walihesabu mavazi ya wanafunzi darasani siku za Jumatatu. Timu ya chuo ikiwa imeshinda mwishoni mwa wiki, nguo zenye jina na alama za chuo ziliongezeka. Ikiwa imefungwa, zilipungua. Walipowapigia wanafunzi simu na kuwaomba wasimulie mechi, "sisi" ilitumika zaidi kwenye ushindi kuliko kwenye kipigo. Mtu huota jua la ushindi wa wenzake ingawa mwenyewe hakugusa mpira.

Watafiti waliokuja baadaye waligundua kwamba si mashabiki wote wanaofanya hivyo. Wako wa hali ya hewa, wanaokuja kwenye jua na kukimbia kwenye mvua. Wako pia wa dhati, ambao timu imeshakuwa sehemu ya jinsi wanavyojitambulisha, kama kabila, dini au kazi. Hawa wa dhati ikifungwa huumia zaidi, lakini hawaondoki. Jezi yao inavaliwa hata Jumatatu mbaya.

Mtu anaupataje ushabiki wa namna hiyo? Mara nyingi haupati kwa kuchagua. Anaurithi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika malezi ya mpwa. Sikushangai ukiniambia kwamba timu yako uliipata kwa mjomba: ndiye aliyekubeba mabegani kwenda kwenye kibanda umiza, ndiye aliyekununulia jezi ya kwanza ya mtumba. Kumkana mchezaji ni rahisi. Kuikana timu ya mjomba ni kama kumkana mjomba mwenyewe.

Mwili nao unacheza

Wanaocheka machozi ya shabiki hudhani anajifanya. Hajifanyi. Mwili wake kweli unacheza.

Mechi inapokaza, tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Adrenalini ni homoni, yaani kemikali ambayo mwili hujitengenezea ili kupeleka amri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Amri yake ni moja: jiandae kupigana au kukimbia. Moyo unaongeza mapigo, viganja vinatoka jasho, mdomo unakauka. Mkimbiaji huitumia nguvu hiyo uwanjani. Shabiki amekaa kwenye benchi na hana pa kuipeleka isipokuwa kooni.

Kwa hiyo anapiga kelele na kuimba, na hapo kuna faida ambayo wengi hawaioni. Watafiti wamejaribu mara kadhaa kuwaweka watu waimbe pamoja au watembee kwa hatua moja, kisha wakawapa kazi ya kushirikiana. Waliofuata mdundo mmoja walishirikiana vizuri kuliko wale ambao kila mmoja alifuata wake. Wazee wa kusini hawakuhitaji maabara ili wajue hilo. Jando na unyago vimejaa nyimbo na ngoma, na waliopita pamoja huendelea kuitana wenzao hadi uzeeni. Jukwaa la wanafunzi, pale mamia wanapopiga makofi mawili na kuruka mara moja, linafanya kazi ya aina hiyo: wanaingia wageni, wanatoka wakiwa wenzao.

Nguvu hiyo ina hatari yake pia. Kombe la Dunia la mwaka 2006 lilipofanyika Ujerumani, madaktari wa mji wa Munich na maeneo ya jirani walihesabu wagonjwa wa dharura wa moyo. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, idadi ilipanda zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida. Walioathirika zaidi walikuwa wale ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo mzee mwenye presha anapoambiwa na wanawe apumzike nje dakika za mwisho, asidhani wanamdharau.

*Kwa ufupi: ushabiki uko akilini na mwilini. Unaunganisha watu kwa sauti na mdundo, na unahitaji kiasi.*

Mtani si adui

Sasa tuje kwa yule wa upande wa pili.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwahi kuwagawa wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, katika makundi mawili kwa sababu isiyo na maana yoyote, kama vile kuambiwa kwamba wanapenda picha za mchoraji huyu kuliko za yule. Hawakujua nani mwingine yuko kundini mwao. Kisha akawapa nafasi ya kugawa fedha kidogo kwa wengine. Walipendelea kundi lao. Lililoshangaza zaidi ni kwamba mara nyingi walikubali kundi lao lipate fedha pungufu, ilimradi lile la pili lipate pungufu zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1970, na yanaogopesha. Yanaonyesha kwamba binadamu akishagawanywa tu, hata kwa jambo la kipuuzi, anaweza kuchagua hasara ya kundi lake mwenyewe ili kundi la pili liumie.

Kama hali ni hiyo, kila dabi ingepaswa kuishia kwenye damu. Kwa nini nyingi haziishii hapo?

Sisi tunayo taasisi iliyolifanyia kazi jambo hili kabla ya mpira kufika. Katika sehemu nyingi za nchi, utani wa makabila ulizaliwa pale watu waliowahi kupigana walipohitaji kuishi pamoja, kuoana na kupita kwenye njia za wenzao. Kusini iliyajua mapigano hayo: mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi na kuteka watu. Jamii zilizopitia mambo ya namna hiyo hazikuweza kujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Utani uliwapa watu njia ya kusema maneno makali bila kurudi kwenye mikuki.

Utani una masharti yake, na kila aliyekua kijijini anayajua:

1. Mtani anasema atakalo, lakini hapigi.
2. Akitaniwa yeye, hakasiriki. Anayekasirika ameshindwa.
3. Msiba ukitokea, mtani anakuja. Anachekesha waliofiwa, anashika jembe, anasaidia kuzika.

Sharti la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Mtu ambaye umempa ruhusa ya kukucheka ndiye huyohuyo mwenye wajibu wa kukustahi siku ya kilio.

Ndiyo maana Watanzania walipopata upinzani mkubwa kuliko wote wa michezo, waliuingiza kwenye utaratibu huo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam, na ni watani wa jadi. Ukienda Newala utakuta nyumba moja yenye baba wa Yanga na mama wa Simba. Siku ya mechi chakula kinapikwa mapema, kwa sababu baadaye kuna mmoja hatakula. Kesho yake kuna tambo na kuna kuvalishwa jezi ya mtani kwa lazima, kisha maisha yanaendelea. Hata uwanja mkubwa unaowakutanisha, wenye viti 60,000 na uliofunguliwa mwaka 2007, tangu 2020 unaitwa kwa jina la mtu wa huku: Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, aliyesoma Ndanda kabla ya kuwa Rais wa Awamu ya Tatu.

Upinzani mzuri, popote duniani, una vitu vitatu:

- Ukaribu. Vyuo vikuu vya Duke na North Carolina, huko Marekani, vimetengana kwa kilomita zipatazo 16 tu. Wanafunzi wa Duke hupiga mahema nje ya ukumbi wao kwa wiki kadhaa wakati wa baridi ili wapate nafasi ya kuingia kwenye mechi ya kikapu ya wawili hao. Desturi hii ilianza mwaka 1986. Mtu halali kwenye hema kwa ajili ya mpinzani asiyemjua.
- Marudio. Mechi inapochezwa kila mwaka, deni la mwaka jana huwa linangoja kulipwa. Bila marudio hakuna kumbukumbu.
- Usawa wa nguvu. Mmoja akishinda kila mara, anayeshindwa huchoka na anayeshinda hukosa hamu. Shabiki anataka mtani wake awe hodari, ingawa hatakubali kulisema hilo mbele za watu.

*Kwa ufupi: adui unataka atoweke. Mtani unataka afungwe, kisha arudi mwakani.*

Kusini ilipompata mtani na kumpoteza

Ndanda wengi wanaijua kwa abasia ya Wabenediktini, hospitali na shule. Mwaka 2014 jina hilo lilianza kusikika kwa sababu nyingine: Ndanda FC ilipanda Ligi Kuu. Timu ilikuwa ikicheza Uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, na mashabiki waliiita Wana Kuchele. Mtu wa Ndanda yenyewe aliyetaka kuiona nyumbani alipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Mtwara. Walikuwepo waliosafiri. Simba na Yanga zilipokuja kucheza, Mtwara nzima ilijaa rangi, na shabiki wa kusini alikutana na jaribu gumu: moyo wake wa zamani uko Jangwani kwa Yanga au Msimbazi kwa Simba, lakini jezi iliyo uwanjani leo ina jina la kwao.

Mwaka 2019 kikaongezeka kitu ambacho kusini haikuwa nacho. Namungo FC ya Ruangwa, mkoani Lindi, nayo ikapanda. Kwa mara ya kwanza Ndanda na Namungo zilikuwa Ligi Kuu pamoja. Ukaribu ulikuwepo. Mashabiki walikuwa watu wanaooana, wanaouza korosho na ufuta kwenye minada ya mikoa jirani, na wanaopanda mabasi yaleyale. Mechi ilikuwa na kila kitu cha kuwa dabi ya kudumu.

Ikadumu msimu mmoja. Ligi ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi Juni, na ilipoisha Julai, Ndanda ilikuwa miongoni mwa timu zilizoshuka daraja. Namungo wao walimaliza juu, na msimu uliofuata walifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wakati jirani mmoja anacheza Afrika, mwingine alikuwa anarudi kuhesabu viingilio vya daraja la chini.

Mashabiki wa Syracuse na Connecticut wanaijua hali hii kwa njia nyingine. Mwaka 2013 Syracuse walihama na kujiunga na ligi tofauti, katika wimbi la vyuo kufuata fedha za televisheni. Hakuna aliyeshuka daraja. Kilichotokea ni kwamba mechi iliyokuwa kila mwaka ikawa ya mara mojamoja. Ukumbi upo, jezi zipo, nyimbo zipo, lakini siku ile iliyokuwa ikisubiriwa tangu mwanzo wa msimu imetoka kwenye kalenda. Mashabiki wa pande zote mbili walipata hasara ambayo hakuna ushindi wowote ungeweza kuifidia.

Hapa ndipo jibu la mpwa linapopatikana. Timu inampa shabiki mambo manne:

1. Watu. Wale wa kijiweni, wa basi, wa jukwaani, ambao wasingejuana kwa sababu nyingine yoyote.
2. Kalenda. Mwaka wa mkulima una kupalilia mikorosho, kupulizia salfa, kuokota na mnada. Mechi humwongezea tarehe nyingine za kungoja.
3. Ruhusa ya kuhisi. Mwanamume aliyefundishwa asilie anaweza kulia uwanjani bila mtu kumuuliza.
4. Mtani. Mtu wa kumtambia akishinda, wa kumvumilia akifungwa, na wa kumfanya atake kuwa bora.

Ndanda iliposhuka, hayo yote manne yalipata jeraha, na la nne ndilo lililoumia zaidi. Shabiki wa Mtwara bado anaweza kuiangalia Namungo kwenye televisheni. Kuitania hawezi, kwa sababu hana timu ya kuitania nayo. Kumwambia "chagua timu nyingine" ni kutokuelewa alichopoteza.

Mipaka ya shabiki wa dhati

Kwa kuwa ushabiki una nguvu kiasi hiki, unahitaji mipaka. Hii ndiyo ninayoiamini, na nimeiona ikiokoa nyumba na urafiki:

- Usimtanie mtu kwa kilema chake, msiba wake, kabila lake au dini yake. Mtanie kwa matokeo.
- Usibeti kwa fedha ya ada, ya chakula au ya pembejeo. Mkeka ukichanika, timu haitakurudishia. Tena anayebeti kwa hasira ya mtani hucheza vibaya kuliko wote.
- Usimtukane mwamuzi wala mchezaji mwanafunzi. Kijana wa miaka 17 anayekosa penalti atalala nayo usiku mzima, hahitaji msaada wako kuikumbuka.
- Ukishinda, mpe mtani mkono kabla ya kuanza tambo. Ukifungwa, kaa hadi mwisho. Anayetoka dakika ya 80 amejinyima haki ya kutamba mwakani.
- Kwenye msiba wa shabiki wa upande wa pili, fika.

Dabi inaweza kupandwa

Watu wengi wa Masasi na Newala hudhani kwamba mchezo mkubwa ni ule wa televisheni. Lakini mechi za vyuo vya Marekani zilianza bila kamera, kati ya wanafunzi wa mji huu na wa mji ule, na zikakua kwa sababu zilirudiwa kila mwaka hadi zikawa na historia.

Sisi tunavyo vya kuanzia. Kuna UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, yenye soka, pete, wavu, mikono, riadha na kikapu pia. Mwaka 2021 mashindano ya taifa yalifanyika Mtwara. Tatizo la UMISSETA kwa shabiki ni kwamba wachezaji bora huchukuliwa kuunda timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na shule yenyewe hupotea njiani. Mwanafunzi anashangilia mkoa, jambo zuri, lakini mkoa hauna mtani wa kukutana naye sokoni Jumamosi.

Shule mbili, au vyuo viwili vya ualimu, vinaweza kuwa na mechi yao wenyewe pembeni ya hayo. Mahitaji yake si makubwa:

- Tarehe isiyobadilika kila mwaka, iwekwe mbali na msimu wa mitihani.
- Uwanja wa kupokezana: mwaka huu kwako, mwakani kwangu.
- Kikombe kimoja kinachohama, chenye majina ya washindi yakichongwa. Na wachongaji hawakosekani kwenye uwanda wa Makonde.
- Daftari la matokeo linalotunzwa na shule zote mbili, ili mwanafunzi wa mwaka 2050 ajue deni alilorithi.
- Timu ya wasichana na ya wavulana siku hiyohiyo, pointi zikijumlishwa, ili kila nusu ya shule iihitaji nusu nyingine.
- Chakula cha pamoja baada ya mechi, wenyeji wakiwapakulia wageni.

Kipengele cha mwisho kisiachwe. Wachezaji na mashabiki wakila sahani moja, masharti ya utani yanaingia kwenye mchezo bila hotuba ya mtu yeyote. Mwaka wa kwanza mechi itaonekana ndogo. Wa tatu kutakuwa na wimbo. Wa kumi kutakuwa na wahitimu wanaoomba ruhusa kazini Dar es Salaam ili wapande basi kurudi kushangilia shule yao, na watakapofika watakwenda kwanza kumtafuta yule wa upande wa pili aliyesoma mwaka uleule wao.

Jina la Ndanda limetangazwa kwenye redio za nchi nzima kwa misimu sita. Watoto wanaosoma leo kati ya Masasi na Newala wanastahili mechi yao ya kuisubiri mwaka mzima, na ya kwanza yake inahitaji barua moja tu kutoka kwa mwalimu mkuu mmoja kwenda kwa mwenzake.